Kitwa na Kasuku: Buko Nyuma ya Gari

"Minyi nitapanda, mimi mwenyewe."

Ile sauti iliyotoka katikati ya umati, ambayo katika sehemu ya Jumapili iliyopita tuliisikia bila kumwona mwenyewe, ilikuwa ya lolo Kyabu, yaani mama Kyabu.

Kitwa aliitambua kabla hajageuka. Basi hakugeuka kabisa. Alikazia macho tairi la mbele kama mtu anayetafuta msumari.

Lolo Kyabu, ndugu msomaji, ni mama yake Léa, na Léa ni mchumba wa Kitwa. Kwa watu wa Kamina, kijana na mama wa mchumba wake ni buko. Buko hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ila kwa kupitia wa tatu. Mambo hayo huisha siku moja tu, siku mama atakapompa kijana kitu kwa mkono wake mwenyewe. Kitu hicho hakiwekwi chini mpaka kifike nyumbani. Siku hiyo ikichelewa miaka, ni shauri la mama.

Kitwa akimwona lolo Kyabu sokoni hupita nyuma ya vibanda. Sasa mama huyo alitaka kupanda gari lake, siku ya mashindano ya mwisho, mbele ya mji mzima.

"Buko na buko mu motokari moya," mtu akasema. "Leo tutaona mambo."

Lolo Kyabu ndiye aliyewasha moto huu tangu mwanzo. Kitwa aliposhinda mzunguko wa kwanza wa shampiona ya mashofere, akiendesha Radi, gari jipya la buluu la Mgiriki mwenye duka la vitambaa, watu walimbeba mabegani. Lolo Kyabu aliendelea kuchekecha unga wake.

"Kitwa hakushinda," aliwaambia majirani. "Radi njo ilishinda. Mutie mbuzi nyuma ya volani, itashinda vilevile. Mutoto yangu hataolewa na muntu mwenye kubebwa na mashini."

Maneno yalimfikia Mgiriki, yakamchekesha, akataka kujaribu. Mzunguko wa pili alimpa Constant, mtoto wa watu wa reli, ile Radi. Kitwa akapewa Kasuku, kamioneti kuukuu ya mizigo iliyopewa jina hilo kwa sababu breki zake hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Constant akashinda. Lolo Kyabu akachekecha unga.

Leo ni mzunguko wa tatu. Atakayeshinda ndiye bingwa wa mwaka 1955, na bingwa atakabidhiwa usukani wa basi jipya la kwenda Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Kwa Kitwa kulikuwa na zaidi ya basi. Akishinda na Kasuku, mama mkwe hatakuwa na la kusema. Akishindwa, Léa atabaki kwao.

Na Kasuku hawezi kuondoka, kwa sababu Umba, mwenzake Kitwa garini, alikula samaki wa Kinkondja asiyekauka vizuri. Sasa amejikunja nyuma ya tangi la maji la stesheni, anaapa hatakula samaki tena maishani.

Bwana Ambroise, karani wa tiketi, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alikuwa ameazima bendera ya kijani na filimbi ya kazini, na suti alikuwa nayo mwenyewe.

"Reglema inasema bantu babili mu kila motokari," akatangaza kanuni ya mashindano, "kutoka hapa mupaka kurudia hapa. Haisemi ni bantu gani. Mama anaweza kupanda."

"Bwana Ambroise," Kitwa akasema, bado analitazama tairi, "minyi na buko yangu hatuwezi kuikala ku kiti moya."

"Bwana Ambroise," lolo Kyabu akajibu, amempa Kitwa mgongo, "ambia ule kijana sikuomba kiti yake. Niko na kiti yangu."

Na kweli alikuwa nacho, kigoda chake cha mbao, kile anachokwenda nacho kanisani na msibani kwa kuwa haamini viti vya watu. Akakiweka nyuma ya Kasuku, kwenye mbao za mizigo, akakielekeza nyuma. Akakaa. Kisogo chake kikawa kwa Kitwa na uso wake kwa njia inayobaki.

"Ambia mama afungwe kamba," Kitwa akamwambia Ambroise.

"Ambia ule kijana kamba iko ya mbuzi."

Kikabaki kioo cha dereva. Mtu akiangalia kioo kile ataona nyuma yote, na leo nyuma yote ni lolo Kyabu. Hata kama sasa ni kisogo tu, mama akigeuka kidogo, macho yatakutana. Kitwa alitoa kitambaa chake cha mfukoni akakifunika kioo.

Wale mashofere wengine wakatazamana. Kila mmoja wao alijua maana yake. Kitwa atakimbizana na Radi bila kuona nyuma.

Constant alikuja kuegemea dirisha, kofia yake ya reli imeinamia jicho moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maneno mengi tu.

"Kitwa, leo unabeba buko ao unabeba muzigo?"

"Ninabeba shampiona. Sogea, usichafuke."

"Mupole mupole, baba. Ule mama akivunjika, utaoa nani?"

Alipoondoka, Léa akaja upande wa pili. Tangu uchumba uanze alikuwa akiwatazama mashofere kupitia uzio wa Mgiriki. Alijua majina ya pedali zote, ingawa hakuwahi kukanyaga hata moja.

"Ku muchanga usiguse freni," akasema.

"Nani alikufundisha?"

"Niko na macho."

"Na mama yako, juu ya nini anapanda?"

"Anasema anataka kuona nani anabeba nani."

Filimbi ikalia. Bendera ikashuka.

Radi iliondoka kama jina lake. Kabla Kasuku hajamaliza kukohoa, gari la buluu lilikuwa limeshapita nyumba za mwisho za mafundi wa reli, na Kitwa alikuwa anameza vumbi la kiangazi. Magari mengine yalibaki nyuma. Hayana kazi katika hadithi hii.

Njia ya Base inafuata reli. Upande mmoja reli, upande mwingine pori, katikati mchanga. Kwenye mnyoofu Radi ilipotea. Kwenye kona ilirudi kuonekana, kwa sababu Constant aliingia kila kona kwa mwendo wa mnyoofu, halafu akawa anapigana na usukani kutoka. Kitwa aliingia polepole na kutoka akiwa amenyooka. Kila kona alipata kidogo, na kila mnyoofu alinyang'anywa.

Kisha sauti ikaja, kavu, kupitia kidirisha cha nyuma.

"Weye Kasuku. Ambia bwana yako vumbi yote ya Kamina iko mu meno yangu."

Kitwa alikaribia kucheka. Mama amepata mtu wa tatu. Mtu huyo ana magurudumu.

"Kasuku," akasema, "ambia mama afunge kinywa, vumbi haitaingia."

Aliyasema, akashtuka mwenyewe. Kitwa akaendesha kona nzima huku masikio yanawaka.

Mbele ya geti la Base walikuwa wameweka pipa jekundu, na wake za askari walikuwa wamejipanga na vikapu vyao vya maandazi kutazama. Ilikuwa kazi ya kulizunguka pipa na kurudi. Constant alilifikia kwanza, akalizunguka kwa upana mkubwa, akaingia kwenye shamba la mihogo la mtu. Mama mwenye shamba alimfuata na mwiko. Kitwa akashusha gia, akamzungusha Kasuku karibu kabisa na pipa, ubavu wa gari ukalipiga busu. Alipotoka, Radi ilikuwa nyuma yake.

Alikuwa mbele, lakini alikuwa kipofu.

Gari lenye nguvu linataka nafasi tu. Ukijua linatokea upande gani, unaiziba. Usipojua, unangoja upitwe. Kitwa alikitazama kile kitambaa kwenye kioo. Mkono ukainuka, ukarudi kwenye usukani.

"Weye Kasuku," sauti ikasema nyuma, safari hii haraka. "Ambia bwana yako ile ya buluu iko nakuya. Anataka kupita. Anapita ku kuume."

Kitwa hakuamini bahati yake. Anayo macho ya nyuma. Kwa sababu ya buko amefunika kioo, na kwa sababu ya buko mama amekaa akiangalia nyuma. Akavuta usukani kulia, akafunga njia yote ya kulia.

Radi ikampita kushoto.

Ilimpita karibu sana hata akayaona meno ya Constant. Mwila, mwenzake Constant, alipunga mkono kama mtu aliye kwenye dirisha la treni.

Kitwa akapiga usukani kofi. Mama alisema kulia. Alisema kuume, waziwazi. Mama huyu amepanda ili Kitwa ashindwe, ndivyo ilivyo, amepanda ili Léa abaki akichekecha unga. Hasira ilimpanda mpaka shingoni. Kisha akakumbuka kigoda kimeelekea wapi.

"Kasuku," akasema polepole, "ambia mama anaangalia nyuma, minyi ninaangalia mbele. Kuume yake njo kushoto yangu."

Kasuku akaruka shimo moja.

"Kasuku, ambia bwana yako alipashwa kusema ile mbele ya kuanza."

"Kasuku, ambia mama iko na haki."

"Na ambia bwana yako kuanzia sasa nitasema tu reli ao pori. Reli haigeukake."

Kitwa aliitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa limekwisha, lakini Radi ilikuwa mbele, na iliyobaki ilikuwa kona moja tu ya maana, ile ya mchanga mwingi, kabla ya daraja la mbao.

Pale ndipo kila shofere wa Kamina ameshawahi kukwama. Mchanga ule ukiukanyagia breki unakushika. Ukikanyaga gesi kwa nguvu, magurudumu yanachimba kaburi. Constant aliuona, akaogopa, akakanyaga breki. Kisha akaogopa kukwama, akakanyaga gesi. Ile nguvu yote ya Radi ikazungusha magurudumu mahali pamoja, mkia ukaenda upande wake na pua upande wake.

Kitwa alikuwa ameshashusha gia mapema. Mguu wake ulikaa mbali na breki. Alimweka Kasuku ukingoni, pale udongo ulipokuwa mgumu, gurudumu moja karibu na nyasi za pori, akamwacha ateleze kidogo, akamrudisha kidogo. Na nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, alikaa lolo Kyabu, mama wa watoto saba na mwenye mwili wa kutosha. Magurudumu yakauma ardhi. Bila yeye kamioneti tupu ingecheza kama beseni mtoni.

Wakapita. Kasuku hakulia hata kidogo.

"Kasuku," sauti ikasema, na Kitwa akasikia kitu kipya ndani yake, "ulipita pale bila kulia. Freni yako iko wapi?"

"Kasuku, ambia mama freni haikuguswa."

"Mm," ikasema sauti.

Ilikuwa mm ya mtu aliyeonja chakula cha adui akakuta kina chumvi sawasawa.

Radi ilijitoa mchangani ikawafuata kwa hasira.

"Pori," sauti ikasema. Kitwa akaziba upande wa pori.

"Reli." Akaziba reli.

"Pori. Reli. Tena reli, ule mutoto iko na kichwa nguvu."

Kitwa alikuwa anacheka sasa, peke yake, mikono inakwenda huku na huku kabla hajafikiri. Hajawahi kuendesha hivi. Hata siku ile ya Radi haikuwa hivi. Daraja likaja, mbao zikapiga ngoma chini yao, Kasuku akaruka juu wakati wa kutoka, akatua kwa kishindo, akaendelea.

Mnyoofu wa mwisho. Tangi la maji la stesheni likaonekana juu ya miti. Hapa ndipo Radi inaua. Kitwa akangoja neno.

Neno halikuja.

"Kasuku, uliza mama, reli ao pori?"

Upepo tu.

"Kasuku, uliza mama kama anasikia."

Nyumba za kwanza za mji zilikuwa pale. Watu wamejaa pande zote, wanapiga masufuria. Aliiona bendera ya Ambroise, ndogo, inangoja. Aliiona kanga ya Léa. Basi lilikuwa pale mbele yake, na Léa, na mdomo wa mji mzima umefungwa.

Kitwa alinyoosha mkono akakivuta kile kitambaa.

Kwenye kioo kulikuwa na mbao za mizigo, na vumbi. Kigoda hakipo. Lolo Kyabu hayupo.

Watu wa stesheni wanasema walimsikia Kasuku kabla ya kuelewa wanachokiona. Breki zililia mpaka mbwa wakajibu. Gari likasimama hatua chache tu kabla ya umati, likageuzwa papo hapo kwa kupanda nyasi za pori, likaanza kurudi lilikotoka. Shofere aliyekuwa anashinda alikuwa anaikimbia bendera.

"Kitwa," mtu akapiga kelele, "stesheni iko huku."

Hakusikia. Alikuwa anaona daraja, na mbao, na mama mnene amelala chini kwa sababu hakufungwa kamba.

Hakufika mbali. Radi ilikuwa inakuja taratibu sana, taratibu kama gari la harusi. Kitwa akasimama, Radi nayo ikasimama, pua kwa pua. Constant akatoa kichwa dirishani. Kofia yake ilikuwa imenyooka.

"Nilimukuta ku daraja," akasema. "Anaikala ku kiti yake mu katikati ya njia, sawa vile anangoja treni. Ningefanya namuna gani? Nipite juu yake?"

Mlango wa nyuma wa Radi ukafunguka. Lolo Kyabu akashuka, mchanga mpaka kwenye nyusi, mzima kabisa, kigoda kichwani. Kitwa aliruka chini, akamwacha Kasuku akinguruma, kisha akakumbuka na kukazia macho ardhi.

Viatu vya mama vikaja vikasimama mbele yake.

"Kasuku," lolo Kyabu akasema, "uliza bwana yako. Bendera iko kule. Anarudia huku juu ya nini?"

"Kasuku, ambia mama nilipoteza kitu mu njia."

"Uliza ni kitu gani."

"Ni buko yangu."

Umati ulikuwa umeshafika mbio, Léa mbele yao, kanga mkononi. Wote walisikia.

Kitwa aliona viatu vile havitembei. Kisha akaona mikono, imeshika kigoda kwa miguu yake mitatu, inakinyoosha kwake.

"Weye Kitwa," lolo Kyabu akasema. Si kwa Kasuku, si kwa Ambroise. "Shika."

Kitwa akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso ule kwa karibu. Ulikuwa na macho ya Léa na vumbi la njia nzima. Akakipokea kigoda kwa mikono miwili, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya reli. Buko imekwisha. Amepewa kitu. Léa ni wake.

Constant naye alipiga makofi, kwa moyo wote. Kisha akarudisha kofia kwenye jicho moja.

"Kitwa ndugu," akasema, "wema yangu ya leo iliisha."

Na injini ya Radi ikanguruma.

Kitwa aliangalia Radi, pua yake imeelekea stesheni, Mwila kitini, njia nyeupe mbele. Aliangalia Kasuku, pua yake imeelekea Base. Aliangalia kigoda mikononi mwake. Hakiwekwi chini mpaka kifike nyumbani, na shofere mwenye mikono miwili kwenye kigoda hana mkono wa usukani.

"Mama," akasema, neno lake la kwanza kwake, "nifanye namuna gani?"

Lolo Kyabu hakungoja. Alikuwa ameshakanyaga gurudumu la nyuma, anapanda kwenye mbao za mizigo, na safari hii alishika ubao kwa mikono yote.

"Reglema inasema bantu babili," akasema. "Haisemi ni bantu gani. Minyi siku zote ninasema motokari njo inashindaka. Basi tuone."

Mlango wa Kasuku ukafungwa kwa kishindo. Kitwa akageuka. Nyuma ya usukani alikuwa Léa, amejifunga kanga kiunoni, anatazama pedali kama mtu anayesoma majina ya watu aliowajua kwa sauti tu.

"Léa," Kitwa akasema. "Léa, ngoja."

Radi ilikuwa imeshaanza kwenda. Léa akakanyaga moja, akaachia nyingine, akaisukuma gia kwa mikono miwili. Gia aliyoipata ilikuwa ya kurudi nyuma.

Na nyuma ya Kasuku ndiko kulikokuwa stesheni, na bendera.